Barafu ya Bahari na Watabiri Wake

Katika ncha mbili za dunia bahari hugeuka kuwa kama nchi kavu kila mwaka, kisha hurudi kuwa bahari. Pahali palipopita merikebu mwezi wa Agosti, mtu na mbwa wake hupita kwa miguu mwezi wa Februari. Hapana mwitu wala jangwa libadilikalo kwa upesi na kwa upana wa namna hiyo. Upande wa kaskazini, katika Bahari ya Aktiki, barafu hufikia kilele chake mwezi wa Machi, ikafunika kilometa za mraba zipatazo milioni 15. Mwezi wa Septemba hupungua hata ikabaki chini ya nusu ya kiasi hicho. Upande wa kusini mambo ni kinyume. Barafu izungukayo bara la Antaktiki hupungua mwezi wa Februari hata ikabaki milioni 3 au chini yake, na mwezi wa Septemba huenea hata kufikia milioni 18 hivi. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na kusi na kaskazi, pepo zenye miadi, wakapanga safari zao kwa miadi hiyo. Barafu nayo ina miadi yake, lakini ni mdeni mgumu: huja kila mwaka, wala haiji siku ile ile wala kwa kiasi kile kile.

Wainuit, wenyeji wa pwani za Aktiki toka Alaska hata Greenland, huiita barafu ya bahari siku. Neno hilo halina udugu na siku ya Waswahili. Sauti zimekutana kwa sadfa tu. Walakini sadfa hiyo yafaa kukumbukwa, kwa sababu kwa watu hao barafu ndiyo kalenda. Ikija, njia za safari hufunguka na uwindaji wa sili huanza. Ikiondoka, mitumbwi hushushwa majini. Mwindaji huijua barafu kwa rangi yake, kwa sauti yake chini ya mguu, na kwa chusa analolipiga mbele yake kabla ya kukanyaga. Elimu hiyo ni pana na imeokoa maisha ya wengi. Lakini ni elimu ya mahali palipo mbele ya macho: humwambia mtu kama aweza kupita hapa leo. Wageni waliokuja na merikebu kubwa walitaka kitu kingine. Walitaka kujua katika masika ya nchi zao jinsi bahari nzima itakavyokuwa wakati wa vuli. Tamaa hiyo ina historia ya miaka mia mbili, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa na watu walioshindwa.

Maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi yake, hayagandi katika nyuzi sifuri kama maji ya mto. Huganda yafikapo karibu nyuzi 1.8 chini ya sifuri kwa kipimo cha Sentigredi. Kwanza hufanya utando mwepesi mfano wa mafuta. Utando huwa vipande, vipande hushikamana, na baridi ikizidi unene nao huzidi. Barafu ya majira moja aghalabu hupata unene wa meta moja na nusu au mbili. Ile iliyookoka viangazi kadha hupata meta tatu au zaidi. Lakini haitulii. Upepo huisukuma na mikondo huichukua. Vipande hupasuka vikaacha njia za maji, kisha hugongana na kupandana hata vikafanya matuta yenye kimo cha nyumba. Kwa hiyo mtu atakaye kujua barafu ya kesho hana budi kujua mambo mawili: itaganda au itayeyuka kiasi gani, na itakwenda wapi. La kwanza ni kazi ya joto, la pili ni kazi ya upepo na maji. Kuyatenga mambo haya mawili kulichukua zaidi ya miaka mia, na gharama yake ililipwa kwa merikebu na kwa roho za watu.

Miongoni mwa watu wa Ulaya, wawindaji wa nyangumi waliichunguza barafu kabla ya wataalamu. William Scoresby, Mwingereza wa Whitby, alianza kufuatana na baba yake baharini angali mtoto wa miaka kumi. Mwaka 1806 chombo chao kilipenya hata kufika nyuzi 81 na nusu za kaskazini, mahali ambapo wachache sana walikuwa wamefika. Scoresby alikuwa na tabia ya kuandika. Aliandika ukingo wa barafu ulipo, upepo uvumao, na joto la maji juu na chini. Kitabu chake juu ya nchi za Aktiki, kilichotolewa kwa juzuu mbili mwaka 1820, kilikuwa msingi wa elimu hiyo kwa muda mrefu.

Mwaka 1817 Scoresby aliona ajabu. Bahari iliyo kati ya Greenland na Spitsbergen, pahali palipozoea kuzibwa, ilikuwa wazi kwa eneo kubwa. Habari hiyo ilimfikia Joseph Banks, rais wa Royal Society ya London, na kwa njia yake ikawafikia wakuu wa manowari za Uingereza. Wakuu wale walidhani kwamba lango lililofungwa kwa karne nyingi limefunguka. Mwaka 1818 walituma misafara miwili: John Ross upande wa magharibi wa Greenland, na David Buchan upande wa kaskazini wa Spitsbergen. Buchan alizuiwa na barafu, merikebu zake zikaumizwa, akarudi mwaka ule ule. Scoresby hakupewa uongozi wa msafara wowote, wala yeye mwenyewe hakuamini kwamba bahari ya nchani ilikuwa wazi. Alijua kwa uzoefu wake kuwa mwaka mmoja hufungua na mwaka mwingine hufunga. Hili lilikuwa somo la kwanza la utabiri: kuona mara moja si kuijua desturi.

Somo hilo halikushikwa. Mwaka 1845 John Franklin alitumwa na merikebu mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya kaskazini ya Amerika. Mwezi wa Septemba 1846 merikebu zilinaswa karibu na Kisiwa cha King William. Mabaharia walingoja kiangazi cha mwaka uliofuata, kwa kuwa walitumaini kwamba kiangazi hufungua bahari. Kiangazi cha 1847 kilikuja kikapita, na barafu haikuwaachilia. Franklin alikufa mwezi wa Juni mwaka huo. Mwezi wa Aprili 1848 waliobaki waliziacha merikebu wakaenda kwa miguu, wala hakuokoka hata mmoja katika watu 129. Wainuit walisimulia waliyoyaona, na masimulizi yao yalihifadhiwa. Erebus ilipogunduliwa chini ya maji mwaka 2014, ilikuwa katika sehemu waliyoitaja wao. Terror ilionekana mwaka 2016.

Baada ya hayo ilidhihirika kuwa macho ya nahodha mmoja hayatoshi. Kazi ya kukusanya macho ya wengi ilifanywa na Wadenishi, ambao Greenland ilikuwa chini yao na Iceland pia. Taasisi ya hali ya hewa ya Denmark ilikusanya habari za barafu toka kwa wawindaji, wavuvi, wasafiri na vituo vya pwani, ikachora ramani za miezi ya kiangazi. Ramani hizo zaanza na mwaka 1893, zikaendelea kutolewa kila mwaka hata vita vilipozikatiza, kisha zikarudi mpaka mwaka 1956. Wachoraji wake walikuwa na uaminifu unaostahili sifa. Mahali ambapo barafu ilionwa na mtu kwa macho waliweka alama nyekundu. Mahali ambapo ilidhaniwa tu kuwapo, waliacha rangi nyeupe bila ya alama. Mtu ashikaye ramani mojawapo huona mara moja jinsi alama nyekundu zilivyo chache, zimefuatana kandokando ya ukingo kama shanga, na nyuma yake weupe umetanda mpaka nchani. Sehemu kubwa ya bahari ile ilikuwa dhana, na ramani yenyewe ilikiri hivyo.

Wakati huo huo swali la pili, la barafu inakwenda wapi, lilikuwa limejibiwa kwa njia ya msiba. Mwaka 1879 Mwamerika George De Long aliondoka San Francisco kwa chombo kiitwacho Jeannette, akanaswa mwezi wa Septemba karibu na Kisiwa cha Herald. Barafu ilikichukua chombo muda wa miezi 21, kisha ikakiponda mwezi wa Juni 1881 upande wa kaskazini wa Siberia. Katika watu 33, 20 walikufa, na De Long mwenyewe ni mmoja wao. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1884, vitu vya chombo hicho viliokotwa pwani ya kusini-magharibi ya Greenland: karatasi yenye sahihi ya De Long, na suruali ya kuzuia maji yenye jina la baharia. Vitu vilikuwa vimevuka bahari nzima juu ya barafu. Mtaalamu wa Norway, Henrik Mohn, alieleza kwamba hapana njia nyingine ya kufika huko ila kupitia karibu na ncha ya dunia. Kijana Fridtjof Nansen aliyasoma maelezo hayo. Wengine waliona suruali kuukuu. Nansen aliona mkondo.

Nansen aliamua kufanya kwa hiari lile lililompata De Long kwa bahati mbaya. Alijengewa na Colin Archer merikebu yenye mbavu za mviringo, iitwayo Fram, ili barafu ikiibana iinyanyue badala ya kuiponda. Aliondoka Norway mwezi wa Juni 1893, akajiachia kunaswa mwezi wa Septemba kaskazini ya Siberia. Fram ilichukuliwa polepole, ikitangulia na kurudi nyuma, hata ikatoka katika maji wazi karibu na Spitsbergen mwezi wa Agosti 1896. Nansen mwenyewe alikuwa ameiacha mwaka 1895 ili aitafute ncha kwa miguu, asiifikie. Katika safari hiyo alilijua jambo ambalo wengi walilipita bila ya kulitazama: barafu haifuati upepo sawasawa, bali hupotoka kuumeni mwa upepo kwa nyuzi 20 mpaka 40. Alikisia kuwa sababu ni kuzunguka kwa dunia. Kijana wa Sweden, Vagn Walfrid Ekman, aliihakikisha kwa hesabu, na maandishi yake ya mwaka 1905 yangali yakifundishwa. Tangu hapo mwendo wa barafu ulikuwa na kanuni, na penye kanuni utabiri waweza kuanza.

Uwezo wa kanuni hiyo ulidhihirika kwa namna iliyowashangaza hata wataalamu. Mwaka 1912 Mrusi Georgy Brusilov alisafiri na merikebu Santa Anna, akanaswa katika Bahari ya Kara, akachukuliwa kaskazini. Mwezi wa Aprili 1914 msaidizi wake, Valerian Albanov, aliiacha merikebu pamoja na watu kadha, wakaivuka barafu kwa miguu kutafuta nchi. Watu wawili tu walifika Cape Flora katika visiwa vya Franz Josef: Albanov na baharia Alexander Konrad. Walikuwa wamechukua nakala ya daftari ya safari. Waliokotwa na merikebu nyingine ya Kirusi, Mtakatifu Foka, ambayo kiongozi wake, Georgy Sedov, alikuwa amekwisha kufa. Miongoni mwa wataalamu wa msafara ule wa Foka alikuwako kijana wa elimu ya bahari na hewa, Vladimir Wiese. Santa Anna na watu waliobaki ndani yake hawakuonekana tena.

Daftari ile ilibaki miaka kumi kabla ya kusema yote iliyokuwa nayo. Mwaka 1924 Wiese alilinganisha njia ya merikebu na pepo zilizovuma, akaona kwamba kati ya nyuzi 78 na 80 za kaskazini mwendo haukuwa kama kanuni ilivyotaka. Kitu fulani kiliizuia barafu isiende ilikosukumwa. Wiese akasema upande wa mashariki pana nchi ambayo haijaonwa na mtu, akaiweka katika ramani. Mwezi wa Agosti 1930 meli ya kuvunja barafu iitwayo Georgy Sedov ilikwenda huko, naye Wiese akiwa ndani yake, ikakikuta kisiwa. Kinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Watu wa Brusilov walikufa bila ya kujua kwamba karibu yao palikuwa na ardhi. Makosa madogo ya njia yao, waliyoyaandika kwa uangalifu wakiwa katika taabu, ndiyo yaliyoifichua.

Kwa sifa hiyo Wiese na wenzake walipewa kazi kubwa zaidi. Dola ya Kisovieti ilitaka njia ya biashara kando ya pwani yake ya kaskazini, na njia hiyo haikuwezekana bila ya kutabiri barafu. Wiese alikuwa ameanza kutafuta jinsi hewa na joto la miezi iliyotangulia linavyoacha alama katika barafu ya miezi ifuatayo. Mwaka 1932 meli Sibiryakov, ambayo yeye alikuwa mtaalamu mkubwa ndani yake, ilipita toka Arkhangelsk hata mlango wa Bering katika majira moja. Hakuna chombo kilichopata kufanya hivyo mbeleni. Ilimaliza safari kwa matanga, parafujo yake imevunjika, lakini ilimaliza. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo serikali ikaunda idara kuu ya njia ya bahari ya kaskazini. Safari moja ilikuwa imefaulu, na mara ile ile ikahesabiwa kuwa desturi, kama ilivyokuwa mwaka 1818.

Mwaka uliofuata ulikuwa na jibu lake. Meli Chelyuskin, isiyokuwa ya kuvunja barafu, ilitumwa kwa njia ile ile. Mwezi wa Novemba 1933 ilifika katika mlango wa Bering, maji wazi yakiwa karibu, kisha barafu ikairudisha nyuma pamoja na wote waliokuwamo. Tarehe 13 Februari 1934 ilipondwa ikazama. Mtu mmoja alikufa. 104 walibaki juu ya barafu miezi miwili, hata marubani wakamaliza kuwaokoa tarehe 13 Aprili. Wokovu huo ulifanyiwa sherehe kubwa sana, na katika kelele za sherehe swali la kwa nini meli ile ilikuwa pale halikusikika vizuri.

Kisha ukaja mwaka 1937. Katika vuli ya mwaka huo barafu ilifunga mapema na kwa ukali, meli 26 zikanaswa zikakaa majira yote ya baridi, nyingi za kuvunja barafu zikiwa miongoni mwake. Huo ulikuwa wakati mbaya wa kushindwa katika nchi ile, kwa sababu kila kosa lilitafutiwa mhujumu. Wengi katika idara ya njia ya kaskazini walikamatwa. Rudolf Samoylovich, mkurugenzi wa taasisi ya Aktiki ya Leningrad, alikuwa mtu aliyesifiwa duniani mwaka 1928 alipoongoza msafara wa meli Krasin kuwaokoa watu wa Umberto Nobile walioanguka juu ya barafu. Mwaka 1937 alikuwa katika meli Sadko, mojawapo ya zile zilizonaswa. Mwaka 1938 alikamatwa, na mwaka 1939 akauawa kwa risasi. Jina lake lilisafishwa mwaka 1957, baada ya miaka 18.

Hapa ndipo historia ya utabiri inapoacha kuwa habari ya barafu peke yake. Mtawala ataka neno moja: njia itafunguka au haitafunguka? Mtaalamu mkweli ana maneno mawili: yaelekea itafunguka, na yawezekana isifunguke. Neno la pili likihesabiwa kuwa uhaini, mtaalamu atajifunza kulimeza, na meli zitasafiri kwa neno la kwanza tu. Barafu haiogopi serikali wala haina haja ya kuipendeza. Woga wa watu hauifungui njia; huwaficha tu wale waendao habari ya kwamba imefungwa.

Hata hivyo mwaka ule ule mbaya ulizaa elimu. Meli Sedov, ile ile iliyokigundua kisiwa cha Wiese, ilikuwa mojawapo ya zilizonaswa, na usukani wake uliharibika hata haikuweza kutolewa pamoja na wenzake. Watu 15, chini ya nahodha Konstantin Badigin, walibaki ndani yake wakichukuliwa na barafu. Walipima kina, upepo na mahali walipo, siku baada ya siku, kwa muda wa siku 812, hata walipotolewa katika Bahari ya Greenland mwezi wa Januari 1940. Njia yao ilikaribia ile ya Fram, lakini walikwenda kwa haraka kuliko Fram. Nikolai Zubov, ofisa wa zamani wa manowari aliyejeruhiwa katika vita vya Tsushima mwaka 1905, alizichukua hesabu zao akatoa kanuni nyepesi: katika bahari ya kina barafu huelekea kufuata mistari ya ramani iunganishayo mahali penye uzito wa hewa ulio sawa, na mistari ikisongamana barafu huenda mbio zaidi. Mtu mwenye ramani ya hewa aliweza sasa kukadiria mwendo wa barafu asiyoiona. Kitabu kikubwa cha Zubov juu ya barafu za Aktiki kilitoka mwaka 1945. Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema Waswahili. Na elimu hii ilikua mikononi mwa watu walioandika kushindwa kwao bila ya kukuficha.

Kilichobaki kilikuwa kuiona bahari yote kwa mara moja. Ndege zilisaidia, lakini mawingu na usiku wa miezi mingi viliwazuia marubani. Mwezi wa Desemba 1972 Marekani ilirusha setilaiti Nimbus 5, yenye chombo cha kupokea mawimbi mafupi ya redio yatokayo juu ya bahari yenyewe. Mawimbi hayo hupenya mawingu wala hayahitaji jua, na barafu huyatoa kwa nguvu isiyo sawa na ya maji. Toka mwishoni mwa mwaka 1978, Nimbus 7 iliporushwa, hesabu zimefuatana bila ya pengo kubwa. Weupe wa ramani za Wadenishi, uliokuwa dhana kwa vizazi viwili, ukawa kitu kionekanacho kila siku. Ilionekana pia kwamba barafu ya kiangazi ya Aktiki inapungua mwaka hata mwaka, dunia inapozidi kupata joto. Barafu hurudisha angani zaidi ya nusu ya mwanga wa jua uiangukiao. Maji wazi hurudisha sehemu ndogo sana na kumeza iliyobaki. Kila sehemu iyeyukayo mapema huwa jiko la kuyeyushia jirani yake.

Yamkini mtu angedhani kwamba baada ya kuona, kutabiri kungekuwa kazi rahisi. Mwezi wa Septemba 2007 barafu ilishuka hata kilometa za mraba milioni 4.2 hivi, chini sana kuliko miaka yote iliyopimwa kabla yake, na wataalamu hawakuitazamia. Tangu mwaka 2008 makundi ya nchi mbalimbali yamekuwa yakitoa makadirio yao kila kiangazi mbele ya watu wote, ili Septemba ikifika kila mmoja apimwe. Wengine hutumia mashine kubwa za hesabu zenye mfano wa bahari na hewa, wengine hulinganisha miaka iliyopita, na wengine hukisia kwa uzoefu. Kiangazi cha 2012 makadirio mengi yalikuwa juu ya milioni 4. Mwezi wa Agosti dhoruba kubwa iliikoroga barafu iliyokwisha kuwa nyembamba, na Septemba ilibaki milioni 3.4. Mwaka 2013 wengi, wakiwa bado na hofu ya mwaka uliopita, walikadiria milioni 4 au karibu na hapo. Barafu ikabaki zaidi ya milioni 5. Makadirio ya miaka hiyo ya kwanza yalipochunguzwa pamoja, ilionekana kwamba hufaulu katika miaka ifuatayo mwelekeo wa kawaida, na hukosea katika miaka iuachayo mwelekeo huo. Lakini miaka iuachayo mwelekeo ndiyo inayozama merikebu.

Sababu zake zimeanza kufahamika. Barafu ina kumbukumbu katika unene wake: iliyo nene mwezi wa Machi ina nafasi kubwa ya kuokoka Septemba. Kwa hiyo setilaiti zipimazo unene, kama CryoSat-2 iliyorushwa mwaka 2010, zimeongeza nguvu ya utabiri. Lakini kati ya Mei na Juni yatokea mambo yasiyosomeka mapema. Theluji ya juu huyeyuka na kufanya vidimbwi, na wingi wa vidimbwi huamua ni mwanga kiasi gani utamezwa. Utabiri utolewao baada ya mwezi wa Mei hupata nguvu zaidi kuliko ule utolewao kabla yake. Na hata huo wa baadaye umo mikononi mwa upepo wa Julai na Agosti, ambao haujulikani ila kwa siku chache mbele.

Upande wa kusini nao umewafundisha wataalamu unyenyekevu. Kwa miaka mingi barafu ya Antaktiki iliongezeka kidogo kidogo, hata mwezi wa Septemba 2014 ikazidi kilometa za mraba milioni 20 kwa mara ya kwanza katika hesabu za setilaiti. Mwaka 2016 ilianguka ghafula. Mwezi wa Februari 2023 ilibaki chini ya milioni 1.8, na kilele cha Septemba mwaka huo hakikufika milioni 17. Mabadiliko makubwa namna hiyo katika miaka tisa hayakutabiriwa, na majadiliano juu ya sababu zake yameendelea tangu hapo.

Ukizitazama pamoja habari hizi toka Scoresby hata setilaiti, utaona kwamba chombo kimebadilika mara nyingi na sharti la kazi halikubadilika. Vipande vya Jeannette, daftari ya Santa Anna na hesabu za Sedov vilifaa kwa sababu wenye navyo waliandika yaliyotokea, si yaliyotakiwa na waliowatuma. Yaliyoharibika, mwaka 1818 na mwaka 1937, yaliharibika pale dhana ilipofanywa hakika ili ipendeze. Leo meli za mizigo hupita njia ya kaskazini ya Siberia, na vijiji vya Wainuit huona barafu ikichelewa kuja na kuwahi kuondoka. Wote hao wanamtegemea mtabiri kwa riziki na kwa uhai. Wanastahili kupewa ramani kama ile ya Wadenishi: yenye alama nyekundu mahali palipoonwa, na weupe ulioachwa weupe mahali pasipojulikana.